JIKO DOGO CHINI YA MTULINGA

(Hii ni hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja, mwalimu mstaafu wa biolojia, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanyika katika bwalo la shule, Morogoro. Imechapwa kwa ruhusa yake.)



Barua ya Katibu ilinitaka niseme juu ya jambo la kisayansi lenye manufaa kwa rika zote, kwa muda usiozidi nusu saa. Nikiyatazama matumbo yaliyo mstari wa mbele hapa, nikihesabu na la kwangu, sikupata taabu ya kuchagua. (Kicheko.) Nitasema juu ya unene na kisukari. Lakini sitarudia yale mnayoambiwa kila mara kliniki. Nitasema juu ya aina moja ya mafuta ya mwili ambayo kazi yake ni kuchoma mafuta mengine, na jinsi habari zake zilivyonitia mimi katika kosa ambalo sijamaliza kulilipa.

Sisi tuliomaliza hapa mwaka 1976 tunaikumbuka kengele ya saa 11 alfajiri. Kwanza mchakamchaka, halafu bombani. Maji yale yalikuwa yakishuka moja kwa moja kutoka mlimani, na mwezi wa Juni na Julai, upepo wa Uluguru unapovuma, yalikuwa yanauma kama meno. Kiranja wetu wa bweni alikuwa akisimama pale na kandambili zake akisema kwamba maji ya baridi hukaza mwili. Sisi tuliona anatutesa tu. Miaka mingi baadaye nilisoma mambo yaliyonifanya nione kwamba kiranja hakuwa mbali sana na ukweli. Nilifurahi mno, na furaha hiyo ndiyo iliyoleta madhara. Nitaeleza sayansi kwanza, maana bila hiyo kosa langu halitaeleweka.

Mafuta tunayoyajua sote ni meupe, au manjano kidogo. Ukichinja mbuzi aliyenona utayaona. Hayo ni ghala. Chakula kisichotumika leo huwekwa humo kungoja siku ya njaa, na kwa wengi wetu siku hiyo haifiki. Lakini kuna mafuta ya pili, rangi yake kahawia, nayo hayaweki akiba bali huichoma. Mswisi mmoja aitwaye Conrad Gessner aliyaeleza tangu mwaka 1551, alipomchunguza mnyama wa milima ya Alpi wa jamii ya kindi, ambaye hulala usingizi mrefu majira yote ya baridi. Katikati ya mabega ya mnyama huyo mlikuwa na kitu ambacho hakikuwa mafuta hasa, wala hakikuwa nyama. Ilichukua karne nne watu kuelewa kwamba lile lilikuwa jiko.

Binadamu naye huzaliwa na jiko hilo. Kichanga hawezi kutetemeka kama mtu mzima anavyotetemeka akipigwa na baridi. Badala yake ana mafuta ya kahawia katikati ya mabega, shingoni na kuzunguka figo, na hayo ndiyo yanayompa joto. Mtoto njiti huzaliwa kabla jiko lake halijatosha, na hiyo ni sababu mojawapo ya wauguzi wetu kumweka kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Bibi zetu wa kule Mgeta, waliokuwa wakimfunga mtoto kwa kanga mbili na blanketi juu yake, hawakusoma kitabu chochote cha mambo haya, lakini hawakumwachia mtoto kazi yote ya kujipasha joto peke yake.

Sasa jiko hilo linafanyaje kazi? Vijana mmefundishwa kwamba ndani ya chembe hai mna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria. Mafuta ya kahawia yana mitokondria nyingi sana, na hizo zina madini ya chuma. Ndiyo asili ya rangi yake. Ili mwelewe kinachotokea humo, nitawapeleka Kidatu. Mitambo ya Kidatu ilianza kutoa umeme mwaka 1975, na mwaka ule ule darasa letu la Kidato cha Tatu lilipelekwa Kidatu, jambo lililompa mwalimu wa zamu taabu kubwa kuandika katika daftari lake. (Kicheko.) Tulisimama juu ya ukuta wa bwawa tukaelezwa. Maji ya Ruaha Mkuu yamezuiwa upande huu. Yakiruhusiwa kushuka kwa njia yake maalumu, yanazungusha mitambo, umeme unapatikana.

Mitokondria hufanya vivyo hivyo. Nguvu ya chakula hutumika kusukuma chembe ndogo za haidrojeni zenye chaji hadi upande mmoja wa utando, zikajaa pale kama maji nyuma ya ukuta. Zikirudi kwa njia yake, zinazungusha mtambo mdogo sana unaotengeneza ATP, ambayo ndiyo umeme wa mwili. Lakini katika mafuta ya kahawia kuna lango la pembeni. Ni protini ambayo wataalamu waliitambua katika miaka ya 1970 wakaiita themojenini. Baridi ikikupiga, ubongo hutuma amri kwa mishipa ya fahamu, lango linafunguka, na maji ya bwawa yanapita pembeni bila kuzungusha chochote. Umeme haupatikani, nguvu yote inageuka joto. Mhandisi wa Kidatu akifanya hivyo atafukuzwa kazi. Kichanga akishindwa kufanya hivyo, maisha yake yamo hatarini.

Kwa muda mrefu vitabu vilisema kwamba mtu akikua jiko hili hutoweka, au hubaki kidogo sana lisilo na maana. Mimi nilifundisha hivyo kwa miaka 31, na humu ndani nawaona niliowafundisha. Naomba radhi. Waliogundua dalili za kwanza za ukweli walikuwa watu wa hospitali za saratani huko ng'ambo. Wana mashine inayopiga picha baada ya mgonjwa kudungwa sukari yenye mnururisho kidogo. Saratani hupenda sukari, kwa hiyo huonekana inang'aa. Wakaona kwamba kwa wagonjwa wengine shingo nayo inang'aa, pande zote mbili, juu ya mtulinga, mahali ambapo hapana saratani. Mgonjwa akipashwa joto, mng'ao unapotea. Mwaka 2009, vikundi vitatu vya wataalamu, kutoka Marekani, Uholanzi na Ufini, vilitoa taarifa katika toleo moja la jarida moja la udaktari: watu wazima wanayo mafuta ya kahawia, na baridi ikija yanafanya kazi.

Hapo ndipo dunia ilipopata matumaini. Kama mwili unalo jiko linalochoma mafuta na sukari, kwa nini tusilikuze? Kwa nini mnene na mgonjwa wa kisukari wasiwashiwe jiko lao?

Yakafuata majaribio mengi. Nitataja machache. Mwaka 2014, Marekani, vijana watano wenye afya walilala mwezi mmoja katika chumba cha nyuzi 24 za Sentigredi, mwezi wa pili nyuzi 19, wa tatu 24 tena, wa nne 27. Katika mwezi wa nyuzi 19 mafuta yao ya kahawia yaliongezeka kwa asilimia 42 hivi. Walipohamia kwenye joto yakapungua. Nilipoisoma taarifa hiyo nilicheka peke yangu. Wastani wa joto la mji wetu huu ni kama nyuzi 24 au 25, nao uko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Vijiji vya juu vya Mgeta viko zaidi ya mita 1,500. Fanyeni hesabu wenyewe: chumba kile cha Wamarekani, kwa gharama zote zile, kilikuwa kinatafuta hali ya hewa ya Nyandira. (Kicheko na makofi.)

Mwaka 2015 Waholanzi waliwachukua watu wanane wenye kisukari cha ukubwani, wakawakalisha kwenye baridi ya nyuzi 14 au 15 hadi saa sita kwa siku, kwa siku 10. Mwisho wake, uwezo wa miili yao kuitikia insulini ulikuwa umepanda kwa asilimia 43. Asilimia 43, ndugu zangu! Kuna vidonge vinavyouzwa kwa bei kubwa ambavyo vingetamani sifa hiyo.

Mimi nina kisukari tangu mwaka 2008. Mwenzetu mmoja, golikipa wa shule katika miaka yetu, aliyelala kitanda cha juu nami nikalala cha chini, anacho tangu kabla yangu. Ameniruhusu niseme haya. Amekaa mstari wa pili, na ameniahidi kwamba nikitia chumvi atasimama anisahihishe. Mwaka 2016 nilimpigia simu Dar es Salaam, ambako alikuwa na duka, nikamwambia, "Bwana wee, kiranja alikuwa na haki! Baridi inatibu sukari. Asilimia 43." Akanijibu, "Mwalimu, basi mimi narudi kwa mama." Nikacheka. Nilidhani ni mzaha wetu wa siku zote.

Hakuwa anafanya mzaha. Alifunga duka akapanda kwao Mgeta mwezi wa Juni, akaacha vidonge vyake kabatini Dar es Salaam, na kila siku saa 11 alfajiri akawa anashuka mtoni kukaa ndani ya maji hadi meno yagongane. Baada ya wiki tatu alinipigia simu kwa furaha. Alikuwa amepungua kilo tano. Mimi, mwalimu wa biolojia wa miaka 31, nikampongeza. Sikumwuliza kama anakunywa maji mengi. Sikumwuliza anaamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo. Ningemwuliza hayo mawili tu ningejua kwamba kilichokuwa kinamkondesha si mafuta ya kahawia bali ni sukari yenyewe, iliyokuwa imekosa kazi ndani ya mwili ikawa inatoka kwa mkojo na kumkausha.

Tena alikuwa amekwisha kupoteza hisia nyayoni, kama wengi wenye ugonjwa huu kwa muda mrefu. Katika mawe ya mto alijikata asijue. Baridi nayo hubana mishipa ya damu ya miguu, kidonda kikakosa lishe. Aliyekiona ni mama yake, mwanamke wa miaka zaidi ya 80, kwa harufu. Walimteremsha hospitali na sukari yake ikasoma 28, wakati kabla ya kula inatakiwa isizidi 7 kwa watu kama sisi. Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti.

(Hapa msemaji alinyamaza kidogo.)

Nilimpa habari nusu, naye akalipa nzima. Kwa hiyo leo nataka kuwapa ninyi ile nusu niliyoiacha.

Kwanza, ukubwa wa jiko. Wale Wafini wa mwaka 2009 walikadiria kwamba gramu 63 tu za mafuta ya kahawia ya mmoja wa watu wao, zikiwashwa kikamilifu, zingeweza kuchoma kwa mwaka nguvu iliyo sawa na ya kilo nne za mafuta. Makadirio hayo yalisambaa sana. Lakini baadaye watu walipopima oksijeni inayotumika hasa ndani ya mafuta hayo, walipata kitu kama kalori 15 hadi 25 kwa siku. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kalori 16. Maana yake ni kwamba jiko lote la mtu wa kawaida, likipigwa na baridi, huchoma kijiko kimoja au kimoja na nusu cha sukari kwa siku nzima. Wapo humu ambao asubuhi ya leo wametia vijiko vinne katika kikombe kimoja, sitawataja.

Pili, panya. Sisi wa Morogoro panya tunawaheshimu, kwa kuwa hapa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine wamefundishwa panya wa kunusa mabomu ya ardhini na hata kifua kikuu. Lakini panya wa maabara wametudanganya katika jambo hili. Panya mdogo kabisa wa maabara anajisikia vizuri kwenye nyuzi 30 hivi. Akiwekwa katika chumba cha nyuzi 22, ambacho mtaalamu aliyevaa koti anakiona kizuri, yeye anaishi kwenye baridi mchana na usiku, na sehemu kubwa ya chakula chake huishia kupasha mwili joto. Jiko lake ni kubwa, linawaka wakati wote. Ndiyo sababu dawa zilizomkondesha panya vizuri sana katika miaka ya 1980 na 1990 zilipoletwa kwa binadamu zikashindwa. Mkisoma gazetini kwamba dawa fulani imeondoa unene, tafuteni kwanza unene wa nani.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, ile asilimia 43 haikutoka kwenye mafuta ya kahawia. Taarifa yenyewe ilisema hivyo, ila mimi nilisoma kichwa cha habari na namba. Waholanzi walipopima, waliona kwamba mafuta ya kahawia yalikuwa yameongeza ulaji wa sukari kidogo tu. Walaji wakubwa walikuwa misuli. Mwaka 2021 wenzao wa Uholanzi wakarudia jambo hilo, safari hii wakihakikisha kwamba baridi haiwafikishi watu kwenye kutetemeka. Uwezo wa kuitikia insulini haukupanda. Kutetemeka ni nini? Ni misuli kufanya kazi. Inaelekea basi kwamba kiranja wetu alikosea bomba. Kilichokuwa kinatusaidia zaidi kila alfajiri ni ule mchakamchaka wa kabla yake.

Sisemi kwamba mafuta ya kahawia ni uongo. Mwaka 2021, New York, walichambua picha zaidi ya 130,000 za wagonjwa zaidi ya 52,000. Waliokuwa na mafuta ya kahawia yanayoonekana walikuwa mmoja katika kila 10, na kisukari kilikuwa kwa asilimia 4.6 yao, hali kwa wasiokuwa nayo kilikuwa kwa asilimia 9.5. Hiyo ni tofauti kubwa. Lakini vijana, angalieni: picha hizo hazisemi kipi kimetangulia. Yawezekana jiko linazuia kisukari, na yawezekana unene na kisukari ndivyo vinavyozima jiko. Huenda pia jiko linatoa kemikali za kuwasiliana na ini na kongosho, jambo ambalo kalori peke yake hazilionyeshi. Wanaendelea kuchunguza.

Dawa je? Kuna dawa ya kibofu iitwayo mirabegroni ambayo huamsha mafuta haya. Mwaka 2015 wanaume 12 walipewa kipimo kikubwa, matumizi ya nguvu ya miili yao yakapanda kwa kalori 200 hivi kwa siku, na mapigo ya moyo nayo yakapanda. Mwaka 2020 wanawake 14 walipewa kipimo cha chini zaidi kwa wiki nne. Insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi, lakini uzito haukushuka. Basi, hapo ndipo tulipo. Hadi leo hakuna dawa iliyoidhinishwa kutibu unene au kisukari kwa kuwasha mafuta ya kahawia, na sindano hizi mpya za kupunguza mwili mnazozisikia, kama semaglutidi, hufanya kazi hasa kwa kupunguza hamu ya kula.

Ninasisitiza hili kwa sababu ya ninyi vijana na simu zenu. Ilikwisha kuwapo dawa iliyofungua lile lango la pembeni, si katika mafuta ya kahawia tu bali katika chembe zote za mwili. Inaitwa dinitrofenoli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilitumika Ufaransa katika viwanda vya baruti, na wafanyakazi wakaonekana wanakonda, wanatoka jasho, wengine wanakufa. Mwaka 1933 madaktari wa California wakaijaribu kwa watu wanene. Walikonda kweli, na kwa muda mfupi Wamarekani wapatao 100,000 walikuwa wameitumia. Kisha watu wakaanza kupofuka kwa mtoto wa jicho, na wengine wakapikwa na joto la miili yao wenyewe, maana ukifungua malango yote ya bwawa hakuna wa kuyafunga. Mwaka 1938 ilipigwa marufuku kwa matumizi ya binadamu. Inauzwa mpaka leo kwa siri katika mitandao, na bado inaua vijana wanaotaka kuwa na miili ya picha.

Sasa nirudi mlimani, maana mtu ataniuliza: kama si baridi, mbona akina mama wa Uluguru wanaoshuka sokoni na vikapu vya karoti na njegere ni wembamba vile? Nilijiuliza hivyo nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha mwenzangu hospitalini, nikafanya hesabu nyuma ya karatasi ya dawa. Kutoka mjini hadi Morningside ni kupanda mita 800 hivi. Mtu wa kilo 70 akijipandisha mita 800 amefanya kazi ya jouli 549,000, ambazo ni kalori 131. Misuli hupoteza nguvu nyingi kwa joto, kwa hiyo inabidi ile mara nne au tano ya hizo: kalori 500 hadi 650. Gawanyeni kwa 20 za jiko. Kupanda mara moja Morningside ni sawa na kazi ya mafuta ya kahawia kwa karibu mwezi mzima. Na yule mama anapanda akiwa na chumvi, sabuni na mafuta ya taa kichwani, tena si mara moja kwa mwezi.

Hata hapa nisije nikawapa habari nusu tena. Mwaka 2012 watafiti waliopima nguvu wanayotumia Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, watu wanaotembea kutwa kuwinda na kuchimba mizizi, waliona kwamba ukizingatia ukubwa wa miili yao, jumla ya matumizi yao kwa siku haikupita ya Mzungu anayekaa ofisini. Mwili una mhasibu wake. Ukitumia huku, anabana kule. Kwa hiyo kutembea peke yake hakukondeshi kama tunavyodhani, na chakula lazima kiangaliwe. Lakini kwa sukari ya damu habari ni nyingine. Msuli unaofanya kazi huchukua sukari hata kama insulini imelegea, na huendelea kuichukua kwa urahisi zaidi saa nyingi baada ya kupumzika.

Tena tunao ushahidi wa hapa hapa. Watafiti waliwafuata watu 209 wa Mkoa wetu wa Morogoro, wanaume 103 na wanawake 106, waliohama vijijini kwenda kuishi Dar es Salaam, wakatoa taarifa mwaka 2010. Kabla ya kuhama, wanaume 79 katika kila 100 walikuwa wakifanya shughuli za kutoa jasho. Baada ya mwaka mmoja mjini walibaki 26. Wanawake walishuka kutoka 38 hadi 16. Na kwa mwaka huo mmoja kila mtu aliongezeka, kwa wastani, kilo mbili na robo au zaidi kidogo. Matunda na mboga walikula zaidi kuliko kijijini, na nyama pia. Wengi wetu humu ni wa safari ile ile, ila sisi tumeikaa miaka 40. Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walipopima vijiji sita vya nchi hii, katika taarifa ya mwaka 1989, walikuta wenye kisukari 53 kati ya watu 6,097, yaani hawakufika mmoja katika 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, mjini na vijijini, ulikuta tisa katika 100. Vipimo havikuwa sawa, wala umri, lakini hakuna mtu atakayesema kwamba ni hali ya hewa iliyobadilika kiasi hicho.

Mwenzangu golikipa sasa anatumia insulini na mguu wa bandia, na sukari yake ni nzuri kuliko yangu. Duka amemwachia binti yake. Baada ya kukatwa alinikataza kabisa kuomba msamaha. Alisema kama ningekuwa na akili za kutosha nisingelala kitanda cha chini. Lakini aliniagiza kwamba kila mahali nitakapopewa nafasi ya kusema, niwaambie watu waangalie nyayo zao kila jioni, chini na katikati ya vidole, na asiyeweza kuinama atumie kioo au mtoto. Nimekwisha kusema.

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti, ni tangazo. Kesho saa 12 asubuhi tutaondoka getini kupanda hadi Morningside, polepole, wazee kwa vijana. Wenye kisukari waje wamekunywa dawa zao na wamekula, wavae viatu vya kufunga na soksi, si kandambili, na kila mmoja awe na kitu cha sukari mfukoni, maana njiani sukari inaweza kushuka ghafula. Wenye shida ya moyo au kidonda chochote mguuni wasipande. Watabaki getini na golikipa, ambaye ndiye mwenye daftari la majina, na atamhesabu kila anayerudi.

(Makofi.)